Sura ya Nne: Siku Sita Kabla ya Jumapili

Mvua zikikaribia, nyumba nyingi za Zombo hupungukiwa watu. Kata hii iko upande wa Mikumi wa Wilaya ya Kilosa, na wakazi wake, kama wengi wa mabonde yale, wanaishi kwa jembe: mahindi, mpunga, ufuta, mbaazi. Shamba la mbali haliendewi asubuhi na kurudiwa jioni. Watu huhamia huko, wakajenga kibanda na dungu, wakaamia ndege mchana na kukesha na nguruwe pori usiku. Watoto wadogo huenda na mama zao. Wa shule huachwa kijijini kwa bibi au kwa ndugu. Mtoto aliyeko dunguni hayupo kwenye shule ya Jumapili. Padri hamwoni, mchungaji hamwoni, katekista hana baiskeli ya kumfikia kila shamba. Basi nani anamfundisha imani? Jibu langu ni fupi, na sehemu iliyobaki ya sura hii ni kulitetea: anafundishwa na haohao waliomo kibandani, watake wasitake, na ndivyo ilivyo pia kwa mtoto aliyebaki kijijini na asiyekosa Jumapili hata moja. Juma lina saa 168. Ondoa usingizi, mtoto anabaki macho saa mia hivi. Mwalimu wa Jumapili anapata moja, akijaliwa mbili. Hizo nyingine zote zina mwalimu wake, na mwalimu huyo ni nyumba.

Wazo kwamba imani ya mtoto ni kazi ya kanisa, na kwamba mzazi akishamvika nguo safi na kumpeleka amemaliza wajibu wake, lina historia yake katika nchi hii, na haifai kuwalaumu wazazi wa leo bila kuitazama. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Watoto waliowalea mwanzoni walikuwa wamekombolewa utumwani. Baba na mama zao hawakujulikana walipo, kwa hiyo misheni ikawa baba, ikawa mama, ikawa na shule na shamba. Walifundishwa sala, kusoma, useremala na kilimo. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao, na baadhi wakapelekwa bara kuanzisha vijiji vya Kikristo, kama Mhonda mwaka 1877. Upande wa Waanglikana, Church Missionary Society ilikaa Mamboya, ndani ya Kilosa hiihii, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Huko watoto walikuwa na wazazi, lakini shule ya misheni ndiyo iliyotegemewa kuwafanya Wakristo. Nyumba walizotoka zilitazamwa kwa shaka, kama mahali pa matambiko na ngoma ambapo mtoto angerudishwa nyuma. Kwa watoto wa Bagamoyo mpango ule haukuwa na mbadala. Yatima hulelewa na aliyepo. Kosa lilikuja baadaye, pale dawa ya yatima ilipogeuzwa chakula cha kila mtoto, hata mwenye baba, mama, bibi na wajomba wanne.

Shule ziliendelea kubeba mzigo huo kwa miongo mingi. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia 1970 shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za serikali. Sababu yake ilikuwa ya haki: mtoto wa Mwislamu au wa mtu asiye na dini asikose elimu kwa kuwa shule iko mikononi mwa kanisa. Makanisa yalibakiwa na vipindi vya dini na shule ya Jumapili. Ukitafakari vizuri, hapo ndipo nyumba ilipopaswa kuitwa irudi kazini, na Kanisa Katoliki lilielekea huko: maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya miaka ya 1970, waliamua kuweka nguvu katika jumuiya ndogondogo, majirani wanaosali na kusoma Neno nyumbani kwa zamu. Lakini angalia jumuiya hizo zinapokutana. Watu wazima hukaa kwenye viti na mikeka, na watoto huambiwa wakacheze nje ili wasipige kelele. Imani imefika mpaka uani, na mtoto wa nyumba hiyo katolewa.

Hata shule ya Jumapili yenyewe haikuzaliwa ili ichukue nafasi ya wazazi. Robert Raikes alipoianzisha mjini Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, alikuwa akiwakusanya watoto wa maskini waliofanya kazi siku sita na kuzurura mitaani siku ya saba, bila kujua kusoma. Ilikuwa msaada kwa mtoto asiye na wa kumfundisha. Na karne mbili na nusu kabla yake, Martin Luther alikuwa ameshakutana na tatizo letu. Alipokagua sharika za Saxony mwaka 1528 alikuta watu waliobatizwa wasiojua Sala ya Bwana wala Amri Kumi. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimo Ndogo, na kila sehemu ya kitabu kile ina kichwa kinachosema jinsi mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Kitabu ambacho Walutheri wetu wanakijua kama cha kipaimara, cha kukaririwa mbele ya mwinjilisti, kiliandikwa kwa ajili ya mezani.

Msingi wa jambo hili ni wa kale zaidi ya Luther. Sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati inawaagiza Waisraeli waweke maneno ya Mungu mioyoni mwao kwanza, kisha wawafundishe watoto kwa bidii, wakiyazungumza waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Tazama orodha hiyo kwa macho ya mkulima wa Zombo. Hakuna hekalu ndani yake, hakuna kuhani, hakuna siku maalumu. Kuna kukaa, kutembea, kulala na kuamka, na hayo manne yapo dunguni kama yalivyo kijijini. Tena yapo zaidi. Njia ya kwenda shamba ni ndefu, na mtoto anayetembea nyuma ya mama yake mwenye mzigo kichwani hana redio wala mwenzake wa kucheza naye. Anayo masikio tu. Wanaodhani kwamba mtoto wa mjini mwenye Biblia ya picha amejaliwa kuliko huyu hawajasoma vizuri agizo lenyewe.

Tena agizo linaanza na moyo wa mzazi kabla ya sikio la mtoto, na hapa ndipo jambo linapokuwa gumu. Nyumba haifundishi kwa maneno pekee, wala kwa maneno zaidi. Mtoto huona. Huona jinsi baba anavyopima mahindi anaponunua na anavyopima anapouza. Anaijua lumbesa, gunia lile lililofungwa kilemba juu, na anajua ni nani nyumbani anayeilalamikia akiwa mkulima na kuishangilia akiwa mnunuzi. Huona kama ufuta unapepetwa au unaachiwa mchanga kidogo uongeze uzito. Baada ya hapo mfundishe amri ya saba, au ya nane kwa hesabu ya Waprotestanti wengi, inayokataza wizi. Ataikariri bila kukosea, na ataielewa kama alivyoiona mizani. Katika fedha mzazi hafichi kitu: mtoto anajua kilichouzwa, kilichonywewa na kilichotolewa sadaka.

Kuna somo jingine la jioni ambalo Kilosa inalijua kwa uchungu. Tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Ugomvi wa malisho, maji na mipaka una sababu zake za ardhi na utawala, na sura hii haiwezi kuzitatua. Lakini chuki yenye jina la kabila hairithiwi kwa damu. Hufundishwa, na darasa lake ni kando ya moto, wakati wa kula, pale ng'ombe wanapokuwa wameingia shambani mchana na watu wazima wanamtaja Mmaasai au Mmang'ati kama wanavyomtaja ngiri. Mtoto anasikiliza huku akimega ugali. Jumapili atafundishwa mfano wa Msamaria Mwema. Atauona mtamu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba Msamaria kwa Myahudi wa wakati ule alikuwa mtu wa aina hiyohiyo iliyotukanwa jana usiku. Mzazi mwenye haki ya kukasirika, kwa maana shamba limeliwa kweli, akidai fidia kwa mwenyekiti wa kijiji bila kutukana kabila la mtu mbele ya wanawe, amewafundisha Injili zaidi ya mwezi mzima wa masomo ya Jumapili.

Sasa hoja za upande wa pili, na nianze na zinazosemwa na watu wenye nia njema. Ya kwanza ni kutokuwa na elimu: mama hajasoma, baba aliishia darasa la nne, watamfundisha nini mtoto aliyefika kidato cha pili? Hoja hii inachanganya imani na mtihani. Sala ya Bwana, zaburi ya mchungaji, nyimbo mbili tatu na visa vya Yusufu, Ruthu na mwana mpotevu havihitaji cheti. Vilisafiri kwa mdomo kabla ya kuandikwa, na jamii zetu ni mabingwa wa kusafirisha maneno kwa mdomo. Bibi anayeweza kusimulia ngano ya Sungura na Fisi kwa nusu saa bila kupoteza uzi, kwa nini ashindwe na Yona? Na kama mtoto ndiye msomaji wa nyumba, basi asome yeye, wazee waeleze. Kusoma kwa mtoto na maisha ya mzee ni vitu viwili tofauti, na kitabu kile kinavihitaji vyote.

Ya pili ni muda. Hii siidharau, maana mtu aliyepalilia tangu alfajiri hana hamu ya ibada ya saa nzima. Lakini nani aliyesema saa nzima? Baraka ya chakula ikiwa ya kweli na si ya kukimbizana, wimbo mmoja kabla ya kulala, kuomba msamaha pale mtu mzima anapokuwa amekosea: hayo hayafiki dakika kumi. Shida kubwa ya ibada za nyumbani ni kwamba zinaanzishwa kwa semina, zinafuata ratiba ya kanisani, zina mhubiri, na kufikia juma la pili watoto wanasinzia. Afadhali kidogo kisichokatika. Majirani zetu Waislamu wamelijua hili zamani. Mtoto wao anayekwenda chuoni kusoma Kurani siku baada ya siku, akirudi na aya chache tu, anapata mazoea ambayo mtoto wa Mkristo anayesubiri Jumapili hayapati. Hakuna aibu kujifunza hilo kwa jirani.

Ya tatu ni fimbo, kwamba kulea ni kuchapa, na hapa wengi hutaja kitabu cha Mithali kana kwamba Sulemani alikuwa mtengenezaji wa viboko. Ni kweli kitabu hicho kinamlaumu baba asiyemrudi mwanawe. Lakini neno la Kiebrania linalotafsiriwa fimbo katika mistari ile ndilo linalotumika katika zaburi ya mchungaji, ambamo fimbo inamfariji kondoo. Watu wa Kilosa wana faida katika ufafanuzi huu, maana fimbo ya mchungaji wanaiona kila siku: inaelekeza, inazuia, inafukuza fisi. Mfugaji anayelipiga kundi lake mchana kutwa hana kundi kwa muda mrefu. Paulo naye, katika Waefeso na Wakolosai, anawakataza akina baba kuwachokoza watoto hata wakate tamaa, onyo lisilotajwa sana mimbarani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18, na ndugu na walimu ndio waliotajwa zaidi. Mwaka huohuo Sheria ya Mtoto ilikataza mateso na adhabu za kikatili, ikasema kumrudi mtoto kusizidi kiasi cha umri na hali yake. Kama fimbo ingekuwa ndiyo malezi, nchi hii ingekuwa imejaa watakatifu. Mtoto anahitaji mipaka, na nyumba isiyo na neno "hapana" ni nyumba iliyomtelekeza. Lakini anayepigwa kwa hasira hujifunza kuisoma hasira ya mkubwa na kujificha, na atakapomfikiria Mungu atamfikiria kama mkubwa mwingine wa kufichwa.

Hoja ya nne imeanza kusikika hata vijijini, kupitia simu na ndugu wa mjini: mwache mtoto akue, atachagua dini mwenyewe. Inasikika kama heshima kwa mtoto. Lakini hakuna nyumba isiyofundisha kitu. Mtoto wa Zombo hakuchagua Kiswahili wala lugha ya bibi yake. Akishakua anaweza kujifunza nyingine, ila asingeweza kufikiri hata kidogo kama wangesubiri achague. Anayemnyima mtoto imani yake kwa ajili ya uhuru anamwachia matangazo ya simu, vijiwe na mpira wa kamari vimfundishe cha kuthamini, na hivyo havimsubiri akue. Palipo na ukweli katika hoja hii ni mahali pengine: kufundisha si kulazimisha. Katika Kutoka sura ya kumi na mbili, sherehe ya Pasaka imepangwa ili mtoto aulize maana yake, na mzazi ndipo asimulie. Somo linaanza na swali la mtoto! Katika nyumba zetu mtoto anayeuliza kwa nini Mungu aliruhusu mdogo wake afe kwa malaria huambiwa anyamaze, asikufuru. Afadhali aambiwe "sijui, mwanangu, nami nimemuuliza," kuliko kufungwa mdomo. Anayezoea kuuliza nyumbani ataendelea kuuliza akiwa na imani; aliyefungwa mdomo atakwenda kuulizia pengine.

Inabaki ile ya kuumiza kuliko zote: mbona watoto wa walokole, hata wa wachungaji, wanapotea? Biblia yenyewe haiifichi. Wana wa Eli walipora nyama za sadaka, na baba yao aliwakemea kwa maneno lakini hakuwazuia. Ila katika nyumba hiyohiyo ndimo alimolelewa Samweli, aliyekuwa mwaminifu. Na Samweli naye akazaa wana waliokula rushwa. Ukitafuta kanuni ya hesabu hapo hutaipata. Mstari maarufu wa Mithali kuhusu kumlea mtoto katika njia impasayo ni mithali, na sisi watu wa methali tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema, na hakuna anayempeleka jirani mahakamani mwanawe anapokengeuka. Neno la Kiebrania lililotumika pale, la kumlea au kumzoeza, ndilo linalotumika kwa kuzindua nyumba mpya na hekalu: mzazi anafungua mlango na kuweka wakfu, lakini watakaoingia humo baadaye hawaamui yeye. Mzazi aliyefanya kazi yake na mwana akapotea asiongezewe mzigo wa hukumu za majirani.

Nimesema "nyumba" muda wote huu kana kwamba ni baba, mama na watoto. Zombo haiko hivyo, na vitabu vingi vya malezi ya Kikristo, vilivyoandikwa kwa familia za Ulaya na Marekani, hupotea hapa. Wasagara, Wavidunda, Wakaguru na Waluguru wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti ambayo baba anaiheshimu. Mafunzo ya mwili na utu uzima yalikuwa ya jando na unyago, mikononi mwa wakubwa waliochaguliwa, kwa sababu ilijulikana kwamba mzazi huona haya kumweleza mwanawe mambo hayo. Misheni ilipopiga vita ngoma zile, ikiwa na sababu katika baadhi ya mambo, iliacha pengo na haikuweka mtu. Leo binti Mkristo haelezwi na kungwi, haelezwi na mama mwenye haya, wala haelezwi kanisani; anaelezwa na simu ya rafiki. Dawa si kumhubiria baba peke yake kuhusu uongozi wa nyumba, kama semina nyingi zinavyofanya. Mjomba muumini apewe kazi, shangazi apewe kazi, bibi apewe kazi yake ya zamani kwa maneno mapya, na parokia au usharika uwaandae hao kama unavyowaandaa wazazi wa ubatizo.

Hili linazihusu hasa nyumba ambazo baba si Mkristo, au hayupo, au yupo kwenye mashamba ya miwa Ruhembe msimu mzima. Zipo nyingi, na mama zake hukata tamaa wakisikia mahubiri ya baba kuhani wa nyumba. Wasome habari za Timotheo. Matendo ya Mitume inasema mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini, na baba yake Myunani. Paulo anapomwandikia kijana huyo, ambaye tayari ni kiongozi wa kanisa, anaitaja imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na anamkumbusha kwamba Maandiko ameyajua tangu utotoni. Shule ya Jumapili haikuwepo. Baba yake hakutajwa kufundisha lolote, na hata jina lake halikuandikwa.